Tanzia ya Fundi Velma

Cedar-Riverside, Minneapolis
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Kwa: Bi. Velma Kageha, Duka la Mavazi la Velma, Richfield

YAH: OMBI LA KUTANGAZA BIASHARA YAKO MSIMU WA HALLOWEEN

Shikamoo Mama.

Ninakuandikia kuomba ruhusa ya kusimamia matangazo ya duka lako kuanzia sasa hadi tarehe 31 Oktoba, bila malipo yoyote.

Naitwa Lusajo Mwambungu, mzaliwa wa Tukuyu, Tanzania. Mwezi Mei mwaka huu nilihitimu shahada ya uzamili katika masoko hapa Minneapolis. Nimepita mbele ya duka lako mara tatu kwa basi, na mara zote tatu nimelikuta limefungwa. Abiria mmoja, Mkenya, aliniambia, "Hilo lilikufa zamani." Naomba radhi kulirudia neno hilo, lakini ndilo lililonifanya niandike.

Halloween si sikukuu yetu. Hata hivyo, katika wiki hizi nne Wamarekani hununua mavazi ambayo hawatayavaa tena, na huyanunua kwa haraka. Fundi anayeweza kumshonea mtoto vazi la simba kwa siku mbili ana nafasi ambayo duka kubwa halina. Aidha, makanisa yetu hufanya usiku wa mavuno tarehe ileile ili watoto wasizurure mitaani, na watoto hao huvaa kama Daudi na Esta. Nani huwashonea? Nimeuliza katika makanisa manne. Hakuna.

Sitaficha maslahi yangu. Tarehe 5 Novemba nina usaili katika kampuni moja kubwa kule Golden Valley, na kila mwombaji ameagizwa kupeleka kazi moja aliyoifanya mwenyewe, yenye matokeo yanayopimika. Ningependa kazi hiyo iwe duka lako.

Wako mtiifu,
Lusajo A. Mwambungu


Richfield
6 Oktoba

Lusajo, kijana wangu,

Marahaba. Nyinyi Watanzania na shikamoo zenu! Nimecheka peke yangu kwa chumba cha mapumziko mpaka muuguzi mwenzangu akaniuliza kama nimepata mchumba. Na hiyo YAH yako kubwa, kwanza nilidhani ni barua ya korti.

Duka halijakufa. Mimi ndiye nimechoka. Nafanya kazi kwa nyumba ya wazee hapa Richfield, mara nyingi shifti mbili kwa siku, na nikifungua duka jioni nashona nimekaa huku napumua kama mtu aliyekimbia. Lakini ni kweli, watu wameanza kusema limekufa. Sitaki waseme hivyo mwezi ujao, kwa sababu tarehe 6 Novemba nitasafiri kidogo, na nataka niache wateja wa kunisubiri.

Kwa hivyo fanya. Masharti yangu ni mawili. Mimi ni shemasi, sitaki mafuvu kwa dirisha langu. Halafu usinipigie simu. Kazini simu inakaa kwa kabati hadi nitoke. Niandikie barua pepe, nasoma nikipumzika.

Na huo usaili, ukiupata, utavaa suti ya nani? Njoo nikupime.

Mama Velma


Richfield
Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji Naftali,

Natumai nyumbani mko wazima, na Mama anakula vizuri.

Nakuandikia wewe peke yako. Hii shida ya kupumua si baridi kama nilivyowaambia. Ni moyo. Kuna mlango mmoja mdogo ndani yake ambao haufungi tena. Watanipasua kifua Alhamisi, tarehe 6 Novemba, wauweke mwingine. Na wakati wanauweka watausimamisha moyo wenyewe, mashine isukume damu badala yake, kisha wauwashe tena. Mimi ni muuguzi, nimewaona wengi walioamka. Nimewaona pia ambao hawakuamka.

Madaktari wamesema haiwezi kungoja mwaka mpya. Nimewauliza mara mbili.

Usimwambie Mama. Tangu tumzike ndugu yako, mume wangu, yeye husikia habari mbaya hata mahali hazipo. Hapa pia sijamwambia mtu, wanajua nasafiri. Ukiona simu yangu hailii, wewe utajua ni nini.

Ubaki na Mungu,
Velma


Cedar-Riverside
20 Oktoba

YAH: TAARIFA YA AWAMU YA KWANZA NA MAPENDEKEZO YA AWAMU YA PILI

Shikamoo Mama.

Nina furaha kukutaarifu kwamba tumepokea maombi ishirini na sita ya mavazi: simba tisa, Esta saba, na mengineyo kama yalivyoorodheshwa. Dirisha la duka sasa lina maboga, kitambaa cha njano na simba aliyesimama. Halina fuvu.

Hata hivyo, wengi wa wateja hawa ni Wamarekani wa mtaani kwako. Jamii yetu bado haijaamka. Kwa hiyo napendekeza tangazo la sehemu mbili. Sehemu ya kwanza, Jumatano tarehe 29, itatumia muundo ambao kila mtu wa Afrika Mashariki huufungua mara tu aupokeapo kwenye simu, na huusambaza bila kuombwa. Sehemu ya pili, Ijumaa tarehe 31 saa kumi jioni, itakuwa ni wewe mwenyewe kutokea mlangoni mwa duka, ukiwa umevaa vazi ulilolishona, mbele ya watu watakaokuwa wamekuja wakiwa na maswali.

Muundo huo una sura ya huzuni kidogo, inayoendana na msimu. Mfano nimeuambatisha katika ukurasa wa sita. Nimeandaa pia anwani ya barua pepe itakayowajibu watu yenyewe, usiku na mchana.

Naomba idhini yako, pamoja na picha yako moja, ikiwezekana yenye mavazi ya kanisani.

Wako mtiifu,
Lusajo A. Mwambungu


Richfield
24 Oktoba

Lusajo,

Sawa, fanya yote. Nilifika ukurasa wa pili nikalala na miwani usoni. Wewe unaandika kama serikali nzima.

Picha ni hii, nimevaa nyeupe. Nilipigwa Pasaka.

Majirani zangu wameweka makaburi ya plastiki kwa nyasi zao. Moja lina mkono unatoka. Napita hapo asubuhi na mapema nikienda basi, kukiwa bado giza, na nafumba macho kama mtoto.

Mama Velma


Vihiga, Kenya
Alhamisi, 30 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kwa wahusika wa msiba, Minneapolis

Mimi ni Naftali Kisia, shemeji wa marehemu. Mume wake, ambaye alitutangulia mwaka 2019, alikuwa mdogo wangu.

Tangazo lenu lenye picha ya Velma kwa vazi jeupe, na maneno "Ametutoka fundi wetu mpendwa", limetufikia leo alfajiri kutoka kwa mtu wa Nairobi. Nimempigia Velma simu mara kumi na saba. Hailii. Aliniambia mwenyewe kwamba ikiwa hailii, nitajua. Alikuwa ameniandikia kwamba jambo lile lingekuwa tarehe sita. Naona madaktari walilisogeza.

Nimelichapisha tangazo na kulibandika langoni, kama tunavyofanya hapa. Mama yetu amesomewa. Hakulia. Ameomba kiti.

Naomba mnijibu jambo moja tu, ili tujue la kufanya: mipango ya kumleta ikoje, na atafika lini?

Naftali Kisia


Jibu, saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja

Barua yako imepokelewa, nasi tunakushukuru kwa kutukumbuka wakati huu. Mipango yote imekamilika. Velma atakuwa nanyi Ijumaa, tarehe 31 Oktoba, saa kumi kamili jioni.


Cedar-Riverside
Ijumaa, 31 Oktoba, asubuhi

YAH: MATOKEO YA AWALI YA SEHEMU YA KWANZA

Shikamoo Mama.

Ninakuandikia kwa fahari. Hadi kufikia saa mbili asubuhi ya leo, tangazo limeonwa na watu zaidi ya elfu kumi na nne, na limevuka mipaka ya Minnesota hadi Texas, Nairobi na Dar es Salaam. Sijapata kuona wala kusoma mfano wa duka dogo lililofikia kiasi hicho kwa siku mbili.

Watu wamelishiriki kwa namna ya kugusa sana. Mtu mmoja kutoka Kenya amejifanya shemeji yako na kuandika barua ya msiba yenye ufundi wa hali ya juu, hadi akauliza utafika lini. Anwani yetu ilimjibu ndani ya dakika moja. Barua hiyo nimeitia katika jalada la usaili wangu, bila kutaja jina.

Wapo pia walionipigia simu wakilia. Wengi walicheka nilipowaeleza. Wachache waliendelea kulia hata baada ya maelezo.

Tukutane dukani leo kabla ya saa kumi jioni. Vazi lako liko tayari?

Wako mtiifu,
Lusajo A. Mwambungu


Richfield
Jumamosi, 1 Novemba

Lusajo,

Jana hukuniona dukani na hukunipata kwa simu, kwa hivyo soma hapa.

Jumatano nilifanya shifti mbili. Simu ilizima kwa kabati. Nikafika nyumbani, nikaichomeka kwa ukuta bila kuiwasha, nikalala na sare. Alhamisi nikaamka nimechelewa, nikaiacha hapo hapo. Saa moja jioni nilikuwa nakula ugali nikasikia kuimba kwa ngazi. Wimbo wa mazishi. Nikasema, Mungu wangu, ni jirani gani? Nikafungua mlango.

Walikuwa watu kama ishirini. Mbele ni Generosa wa kwaya, Mtanzania mwenzako, amebeba sufuria ya pilau. Akaniangalia. Akasema, "Velma, uko wapi wewe?"

"Niko hapa, Generosa."

"Hapa wapi?"

Akampa mtu sufuria, akanishika mkono, akaubonyeza kama anayechagua embe. Nyuma yake Duncan, yule wa kuendesha basi la kanisa, alikuwa tayari amevua kofia. Akasema, "Si mtu amwambie huyu mama amekufa, chakula kinapoa." Tukacheka. Lusajo, tulicheka mpaka nikakaa chini kwa sakafu, na nilipokaa sikuweza kuinuka, na hapo wakaacha kucheka. Kuna dada mmoja hakuingia kabisa. Alibaki kwa ngazi, akaniaga kutoka huko.

Ndio nikawasha simu. Simu arobaini na moja kutoka Kenya.

Huyo mtu uliyemtia kwa jalada ni shemeji yangu kweli. Aliuliza nitafika lini, ukamjibu Ijumaa saa kumi. Akaita vijana, wakachimba Alhamisi hiyo hiyo, kando ya mume wangu. Ijumaa saa kumi watu wote wa boma walikuwa wamesimama hapo wananisubiri, Mama mkwe wangu amekaa kwa kiti. Nilikuwa nimeshampigia Naftali nikamwambia niko hai. Aliwaambia. Baadhi walienda. Mama hakwenda.

Sasa nikuambie kitu ambacho nimemwambia Naftali peke yake. Sisafiri popote tarehe sita. Watanipasua kifua na kuusimamisha moyo wangu. Nilitaka duka liwe na watu wa kunisubiri. Sikujua ningesubiriwa na nini.

Kaburi langu liko wazi, Lusajo. Lina urefu wangu. Naftali alimwambia mchimbaji mimi ni mrefu kiasi gani.

Ukurasa wa sita nimeusoma leo.

Velma


Cedar-Riverside
Jumapili, 2 Novemba

YAH: RADHI NA HATUA ZA KUREKEBISHA

Shikamoo Mama.

Ninakuandikia kukuomba radhi, na kukueleza hatua nilizochukua.

Kwanza, tangazo langu lilikuwa na mstari chini kabisa uliosema kwamba ni tangazo la biashara. Nimefuatilia nakala zilizozunguka. Mtu wa tatu au wa nne kulipokea aliukata mstari huo ili picha yako ionekane vizuri. Kuanzia hapo hakuna aliyeuona.

Pili, nimetoa kanusho lenye picha yako ileile, kwa rangi angavu, na maneno "Fundi Velma yu hai". Nimelituma kwa kila aliyenipa namba. Hadi sasa limeonwa na watu mia mbili na kumi na wawili. Ninawaomba walisambaze. Wanajibu "Amina" na kuliacha hapo.

Tatu, nimeizima ile anwani ya barua pepe. Kabla sijaizima ilikuwa imewajibu watu tisini na wanane, kila mmoja ndani ya dakika moja.

Hatua ya nne sinayo. Nafahamu kwamba ilipaswa kuwa ya kwanza. Naomba unielekeze. Je, haiwezekani vijana wale wale wakarudisha udongo?

Lusajo A. Mwambungu


Vihiga
Jumatatu, 3 Novemba

Shemeji Velma,

Nakujibu juu ya udongo, maana umeniuliza mara tatu kama tunaweza kufukia tu.

Haiwezekani, na wewe unajua. Hapa kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wazee wamekaa jana na wamekubali tuzike mgomba, kama walivyozikiwa wale ambao miili yao haikuonekana. Mgomba tumeuchagua, ule wa nyuma ya jiko lako. Lakini mgomba huzikwa kwa neno. Mkubwa wa boma ndiye hutupa udongo wa kwanza, naye husema anamzika nani. Mkubwa ni Mama.

Na Mama anasema anakuzika wewe.

Akitupa udongo kwa neno hilo, mbele ya watu, wewe hapa umekwisha. Nyumba yako itafungwa, na siku ukija hutaingia kwa lango hili. Tena ukilala mezani Alhamisi na neno hilo likiwa limesemwa, mimi sitalala.

Nimemwonyesha uso wako kwa simu ya video ukiongea. Ulimwita kwa jina lake la usichana, uliona mwenyewe. Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Hata mwanangu aliongea kwenye simu siku tulipomzika. Alicheka, na pamba ziko puani." Unakumbuka, Shemeji. Mimi ndiye niliyeicheza ile video ya salamu zake, ili watu wamsikie mara ya mwisho. Kwa hiyo kwake simu ni mahali waliokufa wanakoongelea.

Anaiamini karatasi iliyo langoni. Anasema aliyeiandika ni mtu, na mtu huyo alikuona. Aje aseme alichoona.

Amekataa chakula tangu jana. Kiti amekisogeza hadi ukingoni, na leo ameagiza blanketi lake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema shimo haliulizi jina, linapokea wa kwanza kufika.

Mazishi ya mgomba ni Jumatano saa kumi jioni, saa ile ile mliyotupa. Mtafute huyo mtu.

Naftali


Richfield
Jumatatu, 3 Novemba, jioni

Lusajo,

Nimekutumia barua ya shemeji yangu yote, isome mpaka mwisho, usifanye kama mimi.

Hospitali wananitaka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi. Nikisikia Mama ametupa udongo kwa neno la mgomba tu, nitaenda. Nisiposikia, siendi, na daktari ameshaniambia nisipokwenda ni nini. Usiniambie mimi ni muuguzi. Usiniambie mimi ni shemasi. Hayo nimejiambia.

Jumatano saa kumi jioni yao, uwe mbele ya simu na mimi.

Velma


Cedar-Riverside
Jumatatu, 3 Novemba, usiku

Mama Velma, shikamoo.

Nimeisoma hadi mwisho.

Naomba kuuliza kwa unyenyekevu kama muda unaweza kusogezwa, hata kwa saa tatu tu. Saa kumi jioni ya Kenya ni saa moja asubuhi ya hapa. Usaili wangu Golden Valley ni siku hiyohiyo, saa moja na nusu, na kutoka Richfield sitafika. Kibali changu cha kukaa nchini kinategemea kupata kazi kabla mwaka haujaisha. Nafasi hii ndiyo pekee iliyonijibu kati ya maombi sitini na matatu.

Naweza pia kuandika tamko rasmi, lenye sahihi na muhuri wa mthibitishaji, ambalo mzee Naftali atamsomea Mama na kulibandika langoni juu ya lile la kwanza. Kwa kuwa Mama anaiamini karatasi, nafikiri tamko litatosha.

Lusajo


Vihiga
Jumanne, 4 Novemba

Kwa Lusajo,

Velma amenisomea ombi lako kwa simu. Nakuandikia mwenyewe maana yeye alishindwa kumaliza.

Karatasi nyingine hatutaki. Ya kwanza bado iko langoni, imelowa, na picha bado inaonekana.

Mvua imeanza tangu jana. Kingo zinameguka. Vijana wameweka mbao, lakini udongo wa huku unajua kazi yake, na kiti cha Mama kiko juu ya udongo huo. Tukimwondoa anarudi. Hapigi kelele. Anauliza swali moja tu kwa kila anayekuja, na leo ameniambia nikuulize wewe: ulipomtangaza, ulikuwa umemwona?

Hatusogezi saa. Ni wewe uliyetupa saa hiyo.

Naftali Kisia


Cedar-Riverside
Jumanne, 4 Novemba

Mzee Naftali, shikamoo.

Nakuandikia kusema kwamba nitakuwepo.

Mwambie Mama jibu langu kabla hajalisikia kwangu, ili apate usiku wa kulifikiria. Sikumwona. Sikumwona Velma akiwa amekufa, na nikisema kweli, sikuwa nimemwona hata akiwa hai. Nilikwenda dukani kwake mara mbili mwezi Oktoba. Alikuwa ameinamia cherehani. Nilisikia jinsi anavyopumua, nikaandika katika daftari langu kwamba ni mchapakazi. Kisha nikarudi chumbani kwangu, ghorofa ya ishirini na tatu, nikachukua muundo wa tanzia ya mjomba wangu mwenyewe, ambayo bado ninayo kwenye simu, nikaondoa picha yake na kuweka ya Velma. Ilinichukua dakika ishirini. Niliona imependeza.

Nilijua kwamba watu wataifungua kwa hofu. Ndiyo maana niliichagua. Kwenye barua yangu kwa Mama Velma niliiita sura ya huzuni kidogo, nikaiweka ukurasa wa sita, na nilijua anavyochoka. Hilo pia nitamwambia Mama, mbele ya watu.

Asubuhi hii nimewaandikia wa Golden Valley kwamba kesho sitafika, na nimewaeleza sababu. Jibu lilirudi ndani ya dakika moja. Lilisema barua yangu imepokelewa na kwamba wananishukuru kwa kuwakumbuka.

Kesho nitashika mkononi karatasi yenyewe niliyoichapisha, ile yenye mstari wa chini, ili Mama aione ikiwa nzima. Nitamtajia jina langu, na la baba yangu Ambakisye, na mahali alipozikwa, ili ajue kwamba na mimi nina kwetu. Akiniuliza jambo lolote nitamjibu. Akinitukana kwa lugha yenu, Mama Velma atanitafsiria, au ataniacha nisikie hivyohivyo. Sitakata simu mpaka Mama mwenyewe aseme ni nini anachokizika.

Ninakuomba jambo moja. Kabla hatujaanza, kiti chake kisiwe juu ya ule udongo. Mshikeni, hata kama atakasirika.

Na tafadhali msikosee saa. Saa za huku zilirudishwa nyuma Jumapili, kwa hiyo hesabu ya wiki iliyopita haifai tena. Mama Velma na mimi tutakuwa dukani Richfield, mlango umefungwa, simu imejaa chaji, na maboga nitakuwa nimeyatoa dirishani. Sisi tutapiga, nyinyi mpokee: kesho Jumatano, tarehe 5 Novemba, saa kumi kamili jioni kwenu, saa moja kamili asubuhi kwetu.

Lusajo